Nyota ya mkosi katika utabiri wa Kichina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hufika kwenye mada hii baada ya kuandika tarehe yao ya kuzaliwa katika programu ya simu, nayo ikawarudishia neno Guchen, Guasu au Jie Sha kwa wino mwekundu pamoja na sentensi moja ya kutisha: utaishi peke yako, utanyang'anywa mali, ndoa haitadumu. Majibu haya yanaeleza nyota hizo zinatoka wapi, zinahesabiwaje, na kwa nini mtu hapaswi kuhukumiwa kwa nyota moja. Tumechukua Guchen na Guasu, nyota za upweke, kuwa mfano mkuu kwa sababu ndizo zinazoulizwa zaidi na ndizo zinazoumiza watu zaidi.

Nyota ya mkosi ni nini hasa?

Katika utabiri wa Kichina uitwao Bazi, wakati wa kuzaliwa huandikwa kwa nguzo nne: mwaka, mwezi, siku na saa. Kila nguzo ina alama mbili, shina juu na tawi chini, kwa hiyo jumla ni alama nane, nazo ndizo chati ya mtu. Mashina yako 10. Matawi yako 12, na ndiyo yanayojulikana kwa majina ya wanyama: Zi (Panya), Chou (Ng'ombe), Yin (Chui Milia), Mao (Sungura), Chen (Joka), Si (Nyoka), Wu (Farasi), Wei (Mbuzi), Shen (Nyani), You (Jogoo), Xu (Mbwa) na Hai (Nguruwe).

Nyota, iwe ya heri au ya mkosi, ni jina linalopewa tawi fulani kwa sababu ya uhusiano wake na tawi au shina jingine ndani ya chati ileile. Tawi la Shen peke yake halina kosa lolote. Kwa aliyezaliwa mwaka wa Mbuzi, Shen huitwa Guchen; kwa aliyezaliwa mwaka wa Joka, Shen hiyohiyo haina jina hilo kabisa. Ndiyo maana hakuna mnyama wa mkosi katika hesabu hii, wala mwaka ulio mbaya kwa watu wote.

Je, ni nyota inayoonekana angani?

Guchen, Guasu, Jie Sha na wenzake hazionekani kwa macho wala kwa darubini. Zinatokana na hesabu ya kalenda.

Tai Sui, nyota ya mkosi ya mwaka tutakayoieleza chini, iko karibu kidogo na anga. Sayari ya Mshtarii hulizunguka jua kwa takriban miaka 11.86, na wanajimu wa China ya kale waligawa njia yake vituo 12, kituo kimoja kwa mwaka. Kwa kuwa Mshtarii husogea kinyume na mpangilio wa matawi 12, walibuni mwenzake wa kufikirika aendaye upande wa pili, na huyo ndiye Tai Sui. Baadaye hesabu ilifungwa kwenye mzunguko wa miaka 60 na kuachana na sayari yenyewe.

Nyota ya mkosi iliyoonekana kweli ni ile yenye mkia, ambayo Wachina waliiita nyota ya ufagio. Katika kaburi la Mawangdui, mkoani Hunan, lililofungwa mwaka 168 KK na kufukuliwa mwaka 1973, kulikutwa kitambaa cha hariri chenye michoro 29 ya nyota za aina hiyo, na chini ya michoro hiyo maelezo ya balaa zinazotabiriwa. Hizo zilisomwa kwa ajili ya mfalme, vita na njaa. Mtu binafsi alisomewa kwa njia nyingine.

Guchen na Guasu zinapatikanaje?

Anza na tawi la mwaka wa kuzaliwa. Matawi 12 hugawanywa katika misimu minne, matatu kila msimu, na kila msimu huchukuliwa kuwa nyumba moja. Tawi linalofuata mara tu baada ya nyumba kwisha ndilo Guchen. Tawi lililo nyuma kidogo tu ya nyumba kuanza ndilo Guasu. La kwanza limetoka nje likiwa peke yake. La pili limeachwa nyuma.

Waliozaliwa miaka ya Chui Milia, Sungura au Joka (Yin, Mao, Chen) wana Guchen kwenye Si na Guasu kwenye Chou. Wa Nyoka, Farasi au Mbuzi (Si, Wu, Wei) wana Guchen kwenye Shen na Guasu kwenye Chen. Wa Nyani, Jogoo au Mbwa (Shen, You, Xu) wana Guchen kwenye Hai na Guasu kwenye Wei. Wa Nguruwe, Panya au Ng'ombe (Hai, Zi, Chou) wana Guchen kwenye Yin na Guasu kwenye Xu.

Ukishajua matawi yako mawili, yatafute kwenye nguzo tatu zilizobaki: mwezi, siku na saa. Yasipokuwepo, huna nyota hiyo. Baadhi ya watazamaji, yaani wasomaji wa chati, huhesabu tena wakianzia tawi la siku. Muulize anayekusomea anafuata kanuni ipi, kwa maana mtu anayetumia zote mbili ataziona nyota hizi kwa karibu kila mteja.

Nguzo ina maana yake. Ya mwezi husomwa kwa wazazi na ndugu, tawi la siku kwa mke au mume, ya saa kwa watoto na uzee. Guchen katika nguzo ya saa na Guchen chini ya siku ni habari mbili tofauti.

Mwaka wangu unaanza tarehe ngapi?

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Katika Bazi mwaka hauanzi tarehe 1 Januari, na kwa watazamaji wengi hauanzi pia siku ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Huanza Lichun, wakati jua linapofika nyuzi 315 za njia yake, kwa kawaida tarehe 4 Februari, mara nyingine 3 au 5.

Chukua aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1998. Sikukuu ya mwaka wa Chui Milia ilikuwa tarehe 28 Januari, kwa hiyo chati za magazeti zitamwita Chui Milia. Lakini Lichun ilikuwa tarehe 4 Februari, hivyo kwa Bazi bado ni wa mwaka wa Ng'ombe. Mwezi wake, unaoanza tarehe 5 au 6 Januari, ni Chou. Ukimhesabu kama Chui Milia, Guasu yake ni Chou, na hiyo hapo kwenye nguzo ya mwezi. Ukimhesabu sawasawa kama Ng'ombe, Guasu yake ni Xu, na mwezi wake uko salama. Binti wa watu amebebeshwa Guasu, nyota inayohusishwa na ujane, kwa tofauti ya siku tano.

Miezi nayo hufuata jua. Mwezi wa Yin huanza tarehe 4 Februari hivi, Mao 5 au 6 Machi, Chen 4 au 5 Aprili, Si 5 au 6 Mei, Wu 5 au 6 Juni, Wei 7 Julai hivi, Shen 7 au 8 Agosti, You 7 au 8 Septemba, Xu 8 au 9 Oktoba, Hai 7 au 8 Novemba, Zi 7 Desemba hivi, na Chou 5 au 6 Januari. Aliyezaliwa siku ya mpaka atafute dakika kamili ya badiliko. Jedwali nyingi huandika saa za Beijing, ambazo ziko mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 5.

Niandike saa gani kwenye programu?

Swali hili linawahusu hasa wanaosema Kiswahili. Cheti cha kliniki kikisema mtoto alizaliwa "saa 2 asubuhi", programu inataka uandike 08:00. Ukiandika 02:00 umempeleka kwenye usiku wa manane, na nguzo ya saa imebadilika yote. Kwa aliyezaliwa Machi 1998, mwaka wa Chui Milia, 08:00 ni saa ya Chen, isiyo na neno. 02:00 ni saa ya Chou, na Chou ndiyo Guasu yake. Kabla ya kuogopa chati yoyote, hakikisha kwanza kosa hili halikufanyika.

Saa za Kichina ziko 12 na kila moja ina urefu wa saa zetu 2. Kwa hesabu ya Kiswahili, Zi ni saa 5 hadi 7 usiku, Chou saa 7 hadi 9 usiku, Yin saa 9 hadi 11 alfajiri, Mao saa 11 alfajiri hadi 1 asubuhi, Chen saa 1 hadi 3 asubuhi, Si saa 3 hadi 5 asubuhi, Wu saa 5 asubuhi hadi 7 mchana, Wei saa 7 hadi 9 mchana, Shen saa 9 hadi 11 jioni, You saa 11 jioni hadi 1 usiku, Xu saa 1 hadi 3 usiku, na Hai saa 3 hadi 5 usiku.

Watazamaji makini hurekebisha pia kwa jua la mahali. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo 45 mashariki, na kila nyuzi moja magharibi yake ni dakika 4 nyuma. Dar es Salaam iko nyuma kwa dakika 23 hivi, Nairobi kwa dakika 33 hivi. Lubumbashi, inayofuata saa nyingine, iko nyuma kwa takriban dakika 10, na Muscat kwa dakika 6 hivi. Aliyezaliwa Nairobi saa 1 na dakika 20 asubuhi anaonekana wa Chen, lakini kwa jua bado ni wa Mao. Kuna nyongeza nyingine inayotegemea tarehe, isiyozidi dakika 17. Usibadilishe saa ya kuzaliwa kuwa ya Beijing ili kupata nguzo ya saa. Nguzo hiyo hufuata jua la pale ulipozaliwa.

Kama hujui saa kabisa, acha nguzo hiyo wazi. Kuibuni ni kubuni nyota.

Nimehesabu vizuri na ninayo. Je, ni jambo la nadra?

Hapana, na hesabu yake ni rahisi. Kila nguzo ina nafasi moja kati ya 12 ya kuangukia Guchen. Kwa nguzo tatu, watu kama 23 katika kila 100 watakuwa nayo angalau mahali pamoja. Ukichukua Guchen au Guasu, yoyote kati ya hizo, ni watu kama 42 katika kila 100. Hapo tumehesabu kutoka tawi la mwaka peke yake. Ukiongeza hesabu ya kutoka tawi la siku, idadi inapanda tena.

Tazama familia yako kubwa, ndugu wa baba na wa mama. Karibu nusu yao wana moja ya nyota hizi, pamoja na wale waliooana miaka 40 na wana wajukuu. Alama inayobebwa na watu wengi kiasi hiki haiwezi kuwa hukumu ya upweke.

Kwa nini programu imeniandikia nyota mbili mbaya kwenye tawi moja?

Kwa sababu ya jinsi majedwali yalivyojengwa. Guchen hukaa daima kwenye Yin, Si, Shen au Hai, na matawi hayo manne ndiyo hayohayo yanayobeba Yima, nyota ya farasi wa safari, Jie Sha, nyota ya kunyang'anywa, na Wang Shen, nyota ya kupoteza. Hizo tatu huhesabiwa kwa makundi mengine ya matawi, lakini zinakutana na Guchen kwa mpango usiobadilika.

Ukizaliwa mwaka wa Panya, Sungura, Farasi au Jogoo, Guchen yako ndiyo pia Yima yako. Ukizaliwa mwaka wa Ng'ombe, Joka, Mbuzi au Mbwa, Guchen yako ndiyo Jie Sha. Ukizaliwa mwaka wa Chui Milia, Nyoka, Nyani au Nguruwe, Guchen yako ndiyo Wang Shen. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye Guchen tupu. Programu inayoweka alama nyekundu mbili inasema jambo moja kwa majina mawili, na mtazamaji anayetoza kafara mbili kwa tawi moja anakutoza mara mbili kwa kitu kimoja. Hesabu matawi, usihesabu majina.

Kukutana na Yima kunastahili neno zaidi. Vitabu vya zamani huisoma Guchen iliyopanda Yima kuwa mtu anayehangaika ugenini, mbali na kwao. Hapo zamani, kuishi mbali na kaburi la babu ilikuwa balaa. Leo mtu mwenye alama hiyo anaweza kuwa nahodha, muuguzi aliyeajiriwa ng'ambo au dereva wa malori ya masafa marefu, na kusomewa kwake "mkosi" kunatokana na maisha ya wakulima wa China wa karne nyingi zilizopita.

Naomba mfano mzima, kutoka tarehe hadi tafsiri.

Mtu amezaliwa Nairobi tarehe 15 Agosti 1991, saa 12 jioni, yaani 18:00. Lichun imeshapita, kwa hiyo mwaka ni Xin Wei (shina Xin, tawi Wei), wa Mbuzi. Tarehe 15 Agosti iko baada ya tarehe 8, hivyo mwezi ni Bing Shen. Siku ni Ding Si. Saa, hata baada ya kupunguza zaidi ya nusu saa ya jua la Nairobi, inabaki You, na kwa siku ya Ding huandikwa Ji You.

Mwaka wa Mbuzi unatoa Guchen kwenye Shen na Guasu kwenye Chen. Chen haimo popote. Shen imo kwenye nguzo ya mwezi, na kwa kuwa ni mtu wa Mbuzi, ndiyo pia Jie Sha. Programu itapiga kelele hapa: upweke na kunyang'anywa.

Sasa mtazamaji anaanza kazi yake. Mwenye chati husomwa kwa shina la siku, nalo ni Ding, moto wa taa. Shen ina chuma ndani yake, na kwa moto, chuma ndicho kinachosomwa kuwa mali. Nyota ya mkosi imekaa juu ya mali ya mtu, tena katika mwezi, ambao ndio nguzo yenye nguvu kuliko zote. Kisha Shen inaungana na Si iliyo chini ya siku, kwenye kiti cha mke au mume. Si na Shen ni mojawapo ya jozi sita za muungano. Tawi lililoitwa pweke limeshikwa mkono na nyumba ya ndoa. Jozi hiyohiyo ina mikwaruzo pia, kwa sababu Si na Shen zimo kwenye orodha ya matawi yanayoadhibiana, hivyo uhusiano wenye kubishana na kupatana si ajabu. Mwisho, You kwenye saa ni Tianyi Guiren kwa Ding, nyota ya msaidizi, ile inayotajwa kuwa ya heri kuliko nyingine.

Tafsiri ya haki ya chati hii ingezungumzia mali inayopatikana kwa juhudi, ndugu au wenzake wanaoweza kuigombania (Bing ya mwezi ni moto mwenzake, na ndiye aliyekaa juu ya mali hiyo), na ndoa yenye muungano na mabishano. Upweke ungechukua sentensi moja, na wengine wasingeutaja.

Nyota hizi huamka mwaka gani?

Husomwa tena tawi lake linapopita kwenye mwaka au kwenye kipindi cha miaka 10. Kwa watu wa Nyoka, Farasi na Mbuzi, mwaka 2024 wa Joka ulileta Guasu, na mwaka 2028 wa Nyani utaleta Guchen. Kipimo ni kilekile: tawi linapoingia linaungana na nini, linagongana na nini.

Ni kweli kwamba mwanamke mwenye Guasu huvunja ndoa?

Msemo wa zamani unadai mwanaume aiogope Guchen na mwanamke aiogope Guasu. Umetumika kuwakataa mabinti kabla hata ya posa kufika, na kuwalaumu wajane kwa vifo vya waume zao. Tunaukataa matumizi hayo kwa nguvu zote, na hatuhitaji kutoka nje ya fani ili kuukataa. Kanuni yenyewe haisemi nani atakufa. Inataja tawi lililo nyuma ya msimu. Ndoa katika Bazi husomwa kwanza kwenye tawi la siku na kwenye alama ya mwenzi, yaani kinachoitawala siku kwa mwanamke na kinachotawaliwa na siku kwa mwanaume. Mtu anayeruka vyote hivyo na kutangaza Guasu hajamsoma binti. Amesoma herufi moja kati ya nane.

Kitu kingine: chati ya mke haiwezi kuua mume mwenye chati yake mwenyewe. Familia inayompelekea mkwe lawama za namna hiyo inamdhulumu.

Mabingwa wa zamani walizipa uzito gani?

Hawakukubaliana. Hesabu za enzi ya Tang zilianzia kwenye mwaka wa kuzaliwa, na humo nyota zilikuwa na nafasi kubwa. Enzi ya Song, njia inayohusishwa na Xu Ziping ilihamisha kiini kwenye shina la siku na kupima nguvu za mti, moto, udongo, chuma na maji. Tangu hapo nyota zilishuka daraja. Wan Minying wa enzi ya Ming alizikusanya na kuzieleza kwa urefu, Guchen na Guasu zikiwemo. Shen Xiaozhan wa karne ya 18 alikwenda upande wa pili: kitabu chake kina sura nzima inayosema kwamba nyota hazihusiani na kufaulu au kuharibika kwa muundo wa chati. Tunaona Shen Xiaozhan ana hoja nzito zaidi. Chati yenye uwiano haiharibiwi na jina la nyota, na chati iliyoelemea upande mmoja haiokolewi na Guiren.

Tai Sui ni nyota ya mkosi ya namna gani?

Ni ya mwaka, na huwagusa watu kwa kundi. Mwaka 2026 ni Bing Wu, wa Farasi, kuanzia Lichun ya tarehe 4 Februari. Wanaohesabiwa kuwa wamekwaruzana na Tai Sui ni Farasi, ambaye huu ni mwaka wake na ambaye pia hujiadhibu; Panya, anayegongana naye uso kwa uso; Ng'ombe, aliye katika jozi ya kudhuriana; na Sungura, aliye katika jozi ya kuvunjana. Mgongano wa Panya ndio mzito. Kuvunjana ni kudogo kiasi kwamba wengi hawakuhesabu.

Tai Sui ana upande pia. Mwaka 2026 yuko kusini, na wanaofuata feng shui, kanuni za Kichina za kupanga makazi, huepuka kuchimba msingi au kubomoa ukuta upande huo, hasa kwa kuwa nyota ya Njano Tano, mkosi mwingine wa mwaka, nayo iko kusini mwaka huohuo. Kaskazini nako kuna San Sha, mkosi mwingine wa upande. Kupaka rangi na kufagia hakumo kwenye katazo; linahusu kuchimba, kubomoa na kugonga kwa nguvu.

Katazo hili lilipingwa zamani sana. Wang Chong, mwanafikra wa China wa karne ya 1, aliuliza: kama Tai Sui anachukia kukabiliwa na wanaohama, mbona watu wote wanaosafiri barabarani kati ya kaskazini na kusini hawapatwi na balaa?

Kuna dawa ya kuondoa nyota ya mkosi?

Kwa Tai Sui kuna ibada inayojulikana. Muumini huenda kwenye hekalu la Kitao mwanzoni mwa mwaka, huandika jina na tarehe ya kuzaliwa, hufukiza ubani mbele ya sanamu ya Tai Sui wa mwaka huo, anayeitwa jemadari, mmoja kati ya 60, na mwisho wa mwaka hurudi kushukuru. Hekalu la Baiyun Guan mjini Beijing lina ukumbi wa majemadari hao wote. Wengine huvaa kitu chekundu katika mwaka wao.

Guchen na Guasu hazina dawa ya namna hiyo. Ndani ya fani, kinachozipoza ni muungano wa matawi na alama nyingine zilizomo kwenye chati yenyewe, na hivyo haviuzwi. Pete, maji ya kuoga na bangili ya mawe inayouzwa "kufungua Guasu" ni biashara. Dalili za utapeli ni zilezile kila mahali: amekutisha kabla hajauliza saa ya kuzaliwa, anataka pesa leo kabla jua halijazama, na bei inapanda kila ukirudi.

Hii inafanana na falaki ya pwani yetu?

Kwa jambo moja tu: zote zina mgawanyo wa alama kumi na mbili. Mnajimu wa Kiswahili hutumia burji, Hamali, Thauri na nyingine, na mara nyingi hujumlisha thamani za herufi za jina lako na la mama yako ili kupata nyota yako. Bazi haihitaji jina lako wala la mama. Aliyeambiwa kwa falaki kwamba nyota yake ni nzito asiitafute kwenye chati ya Kichina, na mwenye Guchen asimpelekee mnajimu wa pwani aiondoe.

Kuna ushahidi kwamba nyota hizi zinatabiri kweli?

Hakuna ushahidi wa kisayansi. Mapacha waliozaliwa ndani ya saa moja ya Kichina wana chati ileile, na maisha yao huachana. Tunaieleza fani hii kama urithi wa fikra na kalenda wenye mantiki yake ya ndani. Uamuzi wa ndoa, matibabu au mkopo usiwekwe juu yake.

Kuhusu dini, Uislamu unakataza kumwendea mtabiri na kumsadiki, na makanisa mengi yana msimamo kama huo. Kujua kalenda inavyofanya kazi na kuamini utabiri wake ni mambo mawili. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh au mchungaji wake.

Nikiamua kusomewa, niende na nini na niulize nini?

Nenda na tarehe, saa kwa mfumo wa saa 24 (iandike mwenyewe, usimwachie abadilishe), na mji uliozaliwa. Muulize mwaka anauanzisha Lichun au sikukuu. Muulize kama amerekebisha saa kwa jua la mahali. Muombe akuonyeshe tawi lenye nyota anayoitaja, kwa kidole, na akuambie ameihesabu kutoka wapi. Kisha muulize tawi hilo linaungana au kugongana na lipi kati ya mengine matatu. Anayejua kazi atajibu hayo yote kwa dakika chache bila kufungua simu. Akishindwa kukuonyesha tawi, usilipe.